BARIDI AU YA MOTO? KUMBE KUNA BIA INAYOTAKA JIBU LA TATU: Historia ya Bita ya Waingereza na Ndimi Zisizo na Majina

Ukiingia baa yoyote ya Dar, Mwanza au Arusha, kabla hata hujakaa vizuri kwenye kiti swali linakuja: "Baridi au ya moto?" Ya moto hapo haina maana imechemshwa. Ni ile tu iliyotoka kwenye kreti bila kupitia kwenye friji. Unajibu, unafunguliwa, maisha yanaendelea.

Sasa huko Uingereza kuna bia ambayo majibu yote mawili ni makosa. Inaitwa bita, na kwa Kiswahili maana yake ni "chungu", basi. Rangi yake ni kama chai ya rangi iliyokolea, au shaba iliyosuguliwa. Gesi yake ni kidogo sana. Inanyweka ikiwa kwenye nyuzi 11 hadi 13 hivi, yaani ubaridi wa mtungi uliokaa kivulini, siyo ubaridi wa friji. Mgeni akiionja mara ya kwanza anakunja uso: "Mbona haina ubaridi? Mbona haina gesi? Hii si imeharibika?" Pembeni yake amekaa mzee wa pale mtaani, anaonja glasi hiyohiyo, anatikisa kichwa kwa kuridhika na kusema leo iko safi kuliko jana.

Nani kamwambia? Hapo ndo utamu wa hii stori ulipo. Nani ana haki ya kusema bia hii nzuri na ile mbovu: serikali, mwenye kiwanda au mnywaji? Waingereza wamelivuta swali hilo kwa zaidi ya miaka 700. Na wengi wa waliolijibu hawamo kwenye vitabu. Walikuwa akina mama wa kijijini, vibarua, wahudumu wa baa na wanywaji wa kawaida, watu ambao kitu pekee walichokuwa nacho ni ulimi.

AKINA MAMA WA ELI NA AFISA MWENYE KAZI YA KUONJA

Turudi karne ya 13. Bia ya Waingereza wakati huo iliitwa eli. Ilikuwa ni kimea cha shayiri, maji na hamira, wakati mwingine na majani ya porini ya kuongeza ladha. Haikukaa. Baada ya siku chache inachachuka, kwa hiyo ilipikwa nyumbani, kidogokidogo, na kunywewa harakaharaka. Wapishi wengi walikuwa wanawake. Anayejua mama wa mbege kule Uchagani au mama wa komoni mtaani kwao ameshaielewa picha: mama anapika ya familia, inayobaki anauza.

Pombe ikiwa tayari, mama alitoa mti mrefu nje ya nyumba, mara nyingi ukiwa na kichaka cha majani kwenye ncha. Mtaa mzima unajua leo hapa kuna mzigo. Lakini kabla watu hawajaanza kunywa alitakiwa kupita mtu mmoja kwanza, mwonjaji wa eli.

Hiki kilikuwa cheo kabisa, cha kuapishwa. Miaka ya 1260 ilikuwepo sheria ya Uingereza nzima iliyopanga bei ya mkate na eli kulingana na bei ya nafaka. Mwonjaji alihakikisha mambo matatu: eli ni nzima, bei ni halali, na kipimo hakijachezewa. Akikuta kasoro anapeleka jina mahakamani na faini inatoka. Kwa vile karibu kila mpishi alitozwa mara kwa mara, ile faini ikaanza kufanana na ada ya leseni.

Halafu kuna hili. Aliyepika ni mama, aliyeamka alfajiri kuchochea kuni ni mama, lakini kwenye daftari la mahakama mara nyingi liliandikwa jina la mume. Kwa hiyo hata pale serikali ilipokuwa inakusanya majina, aliyefanya kazi mara nyingi hakuonekana.

Waonjaji wenyewe nao wengi wamepotea. Mmoja anakumbukwa mpaka leo, na siyo kwa sababu ya ulimi wake. Mwaka 1556 mji wa Stratford ulimteua fundi wa glovu kuwa mwonjaji wa eli. Baadaye fundi huyo akapata mtoto ambaye dunia nzima inamjua kwa jina la Shakespeare. Bila mtoto, baba naye angepotelea kwenye makaratasi kama wenzake.

Kuna stori tamu inazunguka kwamba waonjaji walivaa suruali za ngozi, wanamwaga eli kwenye benchi, wanaikalia nusu saa, wakisimama suruali ikinata basi eli ina sukari nyingi, haijaiva. Inachekesha, na watalii wanaipenda. Ila ushahidi wa zamani hizo haupo. Waonjaji walifanya kazi yao kama jina lao linavyosema: walionja.

HOPSI, UA LILILOLETA UCHUNGU

Mpaka hapo eli bado haina uchungu tunaouzungumzia. Uchungu ulikuja na mgeni. Kufikia karne ya 15, wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya bahari, upande wa Uholanzi na Ubelgiji ya leo, walikuwa wanaleta bia iliyopikwa na hopsi. Hopsi ni ua la kijani la mmea unaotambaa na kupanda kamba kama maharage. Ukilichemsha kwenye bia linatoa uchungu na harufu, na linazuia vijidudu vya kuharibu bia. Eli ilikaa siku, bia ya hopsi ilikaa miezi.

Unadhani Waingereza walipokea kwa furaha? Wapi. Mwaka 1471 mji wa Norwich ulikataza wapishi wa eli kutia hopsi. Mwaka 1519 Shrewsbury nao ukafuata. Kwa wapenzi wa eli, hopsi ilikuwa ni kuharibu kinywaji cha mababu. Lakini bia isiyoharibika haraka inasafiri mbali, inakaa stoo, na inamwachia muuzaji faida. Miaka ikaenda, hopsi ikashinda. Kile kitu cha kigeni kilichokataliwa ndicho leo Muingereza anakiita asili yake. Mambo ya mila ndo yalivyo bana, cha mgeni kikikaa sana kinageuka cha babu.

Mashamba makubwa ya hopsi yalikuwa Kent, kusini mashariki mwa London. Na hapa kuna jeshi lingine lisilo na majina. Kila mwaka kwenye mwezi wa Septemba, familia maskini za London ya mashariki zilifunga mizigo na kwenda Kent kuvuna. Wengi walikuwa akina mama na watoto. Walilala kwenye vibanda, wakapika nje, wakachuma maua mpaka vidole vikawa vyeusi na mkate walioushika ukawa mchungu. Kwao hiyo ndiyo ilikuwa likizo, maana angalau walivuta hewa safi.

Malipo yalikwenda kwa ujazo, na hapo ndipo kelele zilipokuwa. Mpimaji akija anachota maua kwenye kikapu chake. Akiyagusa taratibu, kikapu kinajaa haraka na mchumaji anapata chake. Akiyashindilia kwa mkono, maua mengi yanaingia kwenye kipimo kimoja na mama kaliwa. Kwa hiyo uchungu uliokuwa ukisifiwa kwenye pabu za London ulianzia kwenye ugomvi wa kikapu shambani. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia mashine zikaanza kuingia, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 safari zile zilikuwa zimebaki stori za bibi.

MAJI YA JIPSAM

Unaweza kuwa na shayiri nzuri na hopsi nzuri, bia bado ikatoka ya kawaida. Sababu ni maji. Katikati ya Uingereza kuna mji unaitwa Burton upon Trent. Maji ya visima vyake yamepita kwenye tabaka za jasi, yaani jipsam, hiyohiyo tunayoiweka kwenye dari. Maji hayo yanafanya uchungu wa hopsi utoke mkavu na safi, siyo ule wa kung'ang'ania kooni kama dawa.

Miaka ya 1820 viwanda vya Burton vilianza kusafirisha bia ya rangi nyepesi kwenda India, na reli ilipofika mwaka 1839 mzigo ukaanza kuingia London na kwingineko kirahisi. Moja ya kampuni za mji huo, Bass, ilikuwa na pembetatu nyekundu ambayo mwaka 1876 ikawa alama ya kwanza ya biashara kusajiliwa Uingereza. Wapishi wa miji mingine walichungulia wakaona siri ni nini, wakaanza kutia jasi kwenye maji yao. Mpaka leo wanafanya hivyo, na kitendo hicho kina jina linalotokana na mji wa Burton.

Bia ya Burton ina tabia moja ya kumshangaza mgeni. Ukiinusa ikiwa mpya, kwa sekunde chache unapata harufu kama njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi. Asiyejua anaweza kuirudisha kaunta. Anayejua anatabasamu, maana hiyo ndo alama ya maji yenyewe. Harufu ileile kwa mmoja ni kasoro, kwa mwingine ni kitambulisho.

JINA HALIKUTOKA KIWANDANI

Hii wengi hawaijui. Viwanda havikuiita bita. Kwenye madaftari yao na matangazo yao waliandika "eli nyepesi", wakimaanisha nyepesi kwa rangi. Jina la bita limetoka kwa wanywaji.

Katikati ya karne ya 19 pabu nyingi zilikuwa na bia za aina mbili kuu kwenye pampu: ile laini, tamutamu, iliyoitwa maildi, na ile yenye hopsi nyingi. Siku hizo hapakuwa na vibao vyenye nembo kwenye pampu kama leo. Mteja angejuaje kipi ni kipi? Aliagiza kwa ladha. Anayetaka laini anasema maildi, anayetaka kali anasema "nipe chungu". Ikaenda hivyo, kaunta kwa kaunta, mpaka jina likaganda. Hakuna anayejua nani alitamka kwanza. Huenda alikuwa kuli aliyetoka bandarini, huenda karani. Idara nzima ya matangazo isingeweza kutunga jina lililodumu kama hilo.

Na bia yenyewe ikabadilika kumfuata mnywaji. Mwishoni mwa karne ya 19 viwanda viliacha kuikalisha miezi kwenye mapipa, vikaanza kutengeneza ya kunywewa ndani ya wiki chache. Vita ya Kwanza ya Dunia ikaleta kodi na masharti ya nafaka, kilevi kikashuka. Ndo maana bita ya kawaida leo ina kilevi cha kama asilimia 3.5 hadi 4 tu. Ni bia ya kukaa na watu, kupiga stori glasi tatu bila kuanguka. Wenyewe ndo wanajivunia hapo: kupata ladha nyingi kwenye kilevi kidogo ni kazi ngumu kuliko kutengeneza bia kali.

MTU WA CHUMBA CHA CHINI

Hapa ndo bita inaachana kabisa na bia za chupa tulizozoea. Bia nyingi ikitoka kiwandani imeshakamilika: imechujwa, imeuliwa hamira yote, imefungwa. Bita ya asili inatoka kiwandani haijamaliza. Ndani ya pipa bado kuna hamira hai inayofanya kazi. Anayemalizia ni mtu wa pabu, chini ya sakafu ambayo wateja wanaikanyaga.

Pipa la kawaida lina galoni 9, kama lita 41, ambazo zinatoa painti 72. Likifika linalazwa kwenye kitanda chake na halitakiwi kusogezwa tena. Juu kuna tundu. Mtunza chumba anagonga kijiti laini cha mbao kinachopitisha hewa, gesi ya ziada inatoka taratibu, povu linabubujika. Ikitulia anabadilisha anaweka kijiti kigumu cha kuzuia gesi iliyobaki isitoroke. Akiwahi kubadilisha, bia inakuwa na gesi za fujo. Akichelewa, inakuwa imekufa. Hakuna mashine ya kumwambia sasa. Anasikiliza, anaangalia povu, anaonja.

Kuhusu kung'aa, kuna siri itakayowafurahisha watu wa Kanda ya Ziwa. Kiungo cha jadi cha kuvuta hamira izame chini ni kitu kinachotokana na kibofu cha hewa cha samaki. Ndiyo, mambo ya bondo. Lake lilikuwa la samaki wengine wa huko kaskazini, lakini ni kiungo kilekile. Siku hizi wapo wanaoiacha bia na ukungu wake ili hata wasiokula samaki wainywe.

Pipa likishafunguliwa, hewa inaingia kila glasi inapotoka. Saa inaanza kuhesabu. Siku tatu hivi, basi, ladha inaanza kuondoka. Ndiyo maana bita hiyohiyo, ya kiwanda hichohicho, inaweza kuwa mbinguni kwenye pabu moja na takataka kwenye pabu ya jirani. Kiwanda kimefanya nusu ya kazi. Nusu nyingine imefanywa na mtu ambaye mteja hajawahi kumuona.

SASA INAONJWAJE?

Kwanza macho. Glasi ya painti ina mililita 568 na lazima iwe safi, maana mafuta kidogo tu ya mdomo au sabuni yanaua povu. Bia ing'ae, isipokuwa kama imeachwa na ukungu makusudi. Povu lenyewe ni vita. Watu wa kaskazini, Yorkshire huko, wanafunga kidude chenye matundu kwenye mdomo wa pampu ili bia itoke na povu zito kama maziwa. Watu wa kusini wanasema hicho kidude kinaondoa ladha na ni njia ya kumpunja mteja. Ugomvi huo hauishi leo wala kesho.

Pili pua. Zungusha glasi kidogo, nusa kabla ya kunywa. Kwenye kimea tafuta biskuti, mkate uliochomwa vizuri, karameli kwa mbali. Kwenye hopsi za Kiingereza usitegemee maembe na mapapai ya bia za kisasa za Marekani. Aina inayoitwa Golding inatoa maua, asali na viungo kwa mbali. Fuggle inatoa majani na udongo baada ya mvua. Hamira nayo inaongeza matunda, mara nyingi kitu kama jamu ya machungwa.

Tatu mdomo, na hapa waonjaji wa bia wanaachana na wa mvinyo. Wa mvinyo mara nyingi wanatema. Wa bita wanameza, kwa sababu hukumu iko mwishoni. Utamu wa kimea unatangulia, uchungu unaufuata na kuusafisha, halafu koo linabaki kavu na linataka tena. Bita nzuri inakuita urudi. Ikikuchosha kwenye nusu glasi, hata kama ina harufu ya peponi, imeshindwa mtihani.

Na kasoro zina majina ya jikoni. Ikinuka siki, pipa limekaa wazi muda mrefu. Ikinuka siagi, hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi, ingawa wapo wanaovumilia siagi kidogo. Ikinuka tufaha bichi, bado changa. Ikiwa na ladha ya boksi lililoloana, hewa imeiharibu. Mjuzi akigundua siki hagombani. Anaipeleka kaunta kwa upole, na pabu inayojiheshimu inabadilisha bila maneno.

MIAKA AMBAYO ULIMI ULIAMBIWA UNYAMAZE

Sasa turudi kwenye swali letu. Kufikia miaka ya 1960 viwanda vikubwa vilikuwa vinameza vidogo, mpaka kampuni sita zikashika sehemu kubwa ya soko. Na pabu nyingi zilikuwa mali ya viwanda, kwa hiyo anayeendesha analazimika kuuza bia ya mwenye nyumba. Wakubwa wakaona pipa lenye hamira hai ni usumbufu: linataka fundi, linataka siku, linaharibika. Wakaleta kegi. Bia inachujwa, inapashwa moto kuua hamira, inafungwa, kisha inasukumwa na gesi. Iko sawa kila mahali, baridi, ina mapovu, na mtu yeyote anaweza kuimimina.

Kibiashara, hesabu zilikuwa sahihi, na kuna wanywaji waliofurahi, maana mapipa mabaya yalikuwepo mengi tu. Maarufu zaidi ilikuwa Red Barrel ya kampuni ya Watneys. Mwaka 1971 waliibadilisha jina na kuitangaza kama mapinduzi, na matangazo yakatumia watu waliofananishwa na viongozi wa kikomunisti. Ujumbe ulikuwa mmoja: kampuni imeshaamua nini ni bia nzuri, wewe kunywa.

Mwaka huohuo wa 1971 vijana wanne kutoka kaskazini magharibi mwa Uingereza walikuwa likizo Ireland, wakiwa wamechoshwa na bia za kwao. Hawakuwa na mtaji wala kiwanda. Wakaanzisha kampeni ya kuokoa eli, kama utani hivi. Utani ukaota mizizi. Mwaka 1973 walikuwa barabarani mjini Stone wakiandamana kupinga kufungwa kwa kiwanda cha zamani. Kiwanda kilifungwa hivyohivyo. Lakini watu walishaona kwamba mnywaji naye anaweza kusema hapana.

Silaha yao kubwa ikawa daftari. Mwaka 1974 walitoa kitabu cha kuorodhesha pabu zenye bita nzuri, na walioonja hawakuwa wataalamu wa kulipwa, walikuwa wanachama wa kawaida, walimu, mafundi, makarani, kila mmoja na mtaa wake. Kuhusu Watneys, toleo la kwanza liliilinganisha na ugonjwa wa kuambukiza. Wachapishaji wakaogopa kesi, nakala zikaharibiwa, maneno yakalainishwa. Tangazo la bure kama hilo hata ukilipia hulipati.

Mpaka leo wanachama wanaonja kwenye pabu na kutoa alama kuanzia 0 hadi 5. Sifuri haifai kumezwa, tatu ni nzuri, tano ni kamili, na wenye adabu tano wanaitoa kwa nadra sana. Tangu 1978 kuna pia shindano la bia bora ya Uingereza, ambapo majaji wanaonja bila kuambiwa glasi hii ni ya nani. Kampuni kubwa na kiwanda cha watu watano vinakuwa sawa mbele ya ulimi. ESB ya Fuller's kutoka London imeshinda mara 3, mwaka 1978, 1981 na 1985. Landlord ya Timothy Taylor's, kutoka mji mdogo wa Keighley huko Yorkshire, imeshinda mara 4, mwaka 1982, 1983, 1994 na 1999. Red Barrel yenyewe? Ilikufa, na jina lake likabaki la kutaniana.

Je, ulimi umeshinda moja kwa moja? Hapana, na hapa hakuna haja ya kudanganyana. Laga ya baridi ndiyo inatawala pabu za Uingereza leo. Pabu zinafungwa. Mwaka 2019 Fuller's iliuza kazi yake ya bia kwa kampuni ya Asahi ya Japani. Mwaka 2024 kampuni ya Carlsberg Marston's ilisimamisha mfumo wa mwisho kule Burton wa mapipa yaliyounganishwa, ambamo bia ilichachuka kwa mtindo wa karne ya 19. Seti moja ikachukuliwa na kiwanda kingine, Thornbridge, kisichokuwa hata cha mji huo, ili utaalamu usizikwe. Mtu wa chumba cha chini bado anahitajika kila siku, na vijana wanaotaka kujifunza kugonga kile kijiti siyo wengi.

Na wale waonjaji wa kuapishwa? Wapo. Jiji la London linachagua waonjaji wa eli mpaka leo, ingawa kazi imebaki ya heshima tu. Mji wa Ashburton, kule Devon, kila mwaka waonjaji wanapita pabu kwa pabu, na bia ikifaulu mwenye pabu anapewa tawi la kijani la kuweka mlangoni. Kichaka cha yule mama wa karne ya 13 kimerudi, ila safari hii hakimtangazi muuzaji, kinatangaza hukumu ya walioonja.

Miaka 700 yote hiyo jibu limekuwa linarudi kwa mtu yuleyule aliyeshika glasi. Serikali ilimwapisha, kampuni zikajaribu kumzima, mwisho wa siku bia ilibidi ipite mdomoni kwake. Kwa hiyo wikiendi hii, kama umri unaruhusu na wewe ni mtu wa bia, muhudumu akiuliza baridi au ya moto, jibu unavyotaka. Ila kabla ya kupiga funda la kwanza, inuse. Iache ikae mdomoni kidogo. Halafu ujiulize: hii unaipenda kwa sababu ni nzuri, au kwa sababu bango la barabarani lilikuambia ni nzuri?

Wadau, uwanja wa maoni uko wazi hapo chini: mtaani kwenu nani anaaminika kwa ulimi, yule akisema "leo pombe haijakaa vizuri" kila mtu anaweka glasi chini?